Walter Rodney: Mhadhiri wa Mlimani aliyegombana na serikali tatu

Ndege iliyotoka Montreal, Kanada, ilitua Kingston, Jamaika, Oktoba 15, 1968. Abiria walishuka, mmoja akazuiwa. Maofisa wa serikali walimwarifu Dk Walter Rodney, mhadhiri wa historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha West Indies, kwamba hataruhusiwa tena kukanyaga ardhi ya nchi hiyo. Alikuwa na miaka 26 na PhD aliyoipata London miaka miwili tu nyuma. Mkewe, Patricia, alikuwa mjini humohumo, mjamzito, na mtoto wao wa kwanza alikuwa bado mdogo. Ndege iliondoka naye kurudi ilikotoka.

Chuo hakikumfukuza. Hakuna baraza la wahadhiri lililokaa kumjadili, wala mwanafunzi aliyelalamika kwamba hafundishi vizuri. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya Waziri Mkuu Hugh Shearer, na sababu ilikuwa maneno yake nje ya darasa. Rodney alikuwa akitoka chuoni Mona na kwenda kukaa na vijana wasio na kazi pamoja na Marastafari katika vitongoji vya makabwela. Akiwa ameketi chini pamoja nao, aliwasimulia habari za falme za Afrika kabla ya utumwa. Mihadhara hiyo ndiyo iliyokuja kuchapwa London mwaka 1969 katika kitabu kidogo kiitwacho The Groundings with My Brothers.

Kesho yake, Oktoba 16, wanafunzi waliandamana wakiongozwa na rais wao, Ralph Gonsalves, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Saint Vincent na Grenadini. Polisi walijibu kwa mabomu ya machozi. Wakazi wa mjini wakaingia, magari na maduka yakachomwa, watu wakafa. Jamaika bado inazikumbuka ghasia hizo kwa jina la mhadhiri ambaye wakati zinatokea hakuwa hata nchini.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu Rodney kwa kitabu kimoja, na wengi zaidi wamekisikia kuliko waliokisoma. Maisha yake ya kazi yanazungumzwa kidogo. Alifundisha, au alitaka kufundisha, katika nchi tatu ambazo viongozi wake walijitangaza kuwa watetezi wa mtu mweusi. Katika zote tatu maneno yake yalimletea taabu. Tofauti ilikuwa katika namna alivyojibiwa.

Alizaliwa Georgetown, Guyana, Machi 23, 1942, nchi hiyo ikiwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake naye mshonaji. Nyumba ilikuwa ya siasa, na Walter akiwa mtoto alitumwa kugawa vipeperushi vya chama kilichopigania uhuru. Alipata nafasi ya kusomeshwa Queen's College, shule yenye sifa kuliko zote nchini, kisha akaenda Mona, Jamaika, alikohitimu historia mwaka 1963 akiwa na daraja la kwanza.

Huko London aliandika tasnifu juu ya pwani ya Guinea kuanzia mwaka 1545 hadi 1800. Hakutaka kutegemea maandiko ya Waingereza peke yake, hivyo akajifunza Kireno na kuzifuata nyaraka Lisbon na kwingineko. Jioni alikwenda kwenye vikao vya mwanahistoria mzee C.L.R. James, na Jumapili alipanda jukwaani Hyde Park kuhutubia wapita njia. Nataja hayo kwa sababu wapo waliomwita mchochezi aliyejificha katika joho la kitaaluma. Tasnifu ile ilichapishwa na Oxford mwaka 1970, na haikuwa kazi ya mtu aliyejificha.

Mara ya kwanza alifika Dar es Salaam mwaka 1966. Chuo cha Mlimani wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mhadhiri aliajiriwa Dar es Salaam, lakini shahada aliyoifundishia ilikuwa ya nchi tatu. Hakuwa amemaliza hata miezi michache alipoona somo lake la kwanza kuhusu mipaka ya kusema. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300.

Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kwa sifa ya ule mshahara. Sawa, lakini wale vijana walitimuliwa kwa kuandamana na kuandika mabango.

Mwaka uliofuata lilikuja Azimio la Arusha, na Mlimani ukachemka. Rodney alikuwa miongoni mwa wahadhiri waliotaka masomo yabadilishwe ili mhitimu aijue jamii inayomlipia karo. Mapema 1968 akaenda Jamaika, na tumeshaona yaliyompata. Mwaka 1969 alirudi Dar es Salaam na familia yake. Watoto wake wawili wa kike, Kanini na Asha, walizaliwa Tanzania.

Safari hii Mlimani aliukuta ukiwa na wanafunzi waliokuwa wakisoma kuliko walivyoagizwa. Chama chao, kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, kiliwahi kuongozwa na kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, na wanachama wake walitoka nchi mbalimbali. Novemba 1969 walianzisha jarida, wakaliita Cheche. Lilichapwa kwa mashine ya stensili, na kati ya wahariri wake walikuwamo Karim Hirji na Henry Mapolu wa Tanzania na Naijuka Kasihwaki wa Uganda. Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya Rodney.

Ndipo likaja tukio la Desemba 1969, ambalo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya linastahili kufundishwa katika kila chuo cha ukanda huu. Vijana wa Afrika Mashariki na Kati walikutana Dar es Salaam katika semina. Rodney akawasilisha mada. Alisema, kwa ufupi, kwamba uhuru wa nchi nyingi za Afrika ulipatikana na viongozi waliobeba mikoba kwenda kuzungumza Ulaya, kwamba wengi wao wamegeuka mawakala wa wakoloni walewale, na kwamba wananchi watalazimika kuwaondoa, hata kwa nguvu. Gazeti la chama, The Nationalist, likaichapa hotuba hiyo.

Siku mbili baadaye gazeti hilohilo likatoka na tahariri kali. Kichwa chake kiliyafananisha maneno ya Rodney na hewa ya moto tu. Ilisema Tanzania inawapokea watu wa kila fikra, lakini haitakubali kufanywa jukwaa la kuhimiza kupinduliwa kwa serikali za nchi nyingine za Afrika. Haikuwa na jina la mwandishi. Mhariri wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, ila walioujua mwandiko walisema tangu siku ileile kwamba kalamu ilikuwa ya Rais mwenyewe, na hadi leo wanahistoria wengi wanaamini hivyo.

Fikiria hali hiyo. Rais wa nchi, ambaye pia ndiye mkuu wa chuo, anasoma mada ya mhadhiri mgeni mwenye miaka 27, haipendi, na badala ya kumwita ofisa wa uhamiaji anakaa kuandika hoja. Rodney akajibu kwa barua gazetini, kwa heshima, akieleza alichokusudia. Barua ikachapwa. Hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha Mlimani hadi 1974, na kitabu kilichompa jina duniani alikiandika akiwa na mkataba wa chuo hichohicho.

Hata hivyo tahariri ile ilikuwa na kitisho ndani yake, na kitisho hicho kilihusu jirani. Kuisema Tanzania, mtu aliweza kuvumiliwa. Kuwasema marais wa nchi nyingine lilikuwa jambo la kidiplomasia. Anayefuatilia habari za vyuo vyetu ataona kwamba hofu hiyo haikuzikwa na miaka ya 1960. Profesa anayealikwa ng'ambo ya mpaka huulizwa kwanza atamsema nani, ndipo huulizwa atazungumza nini. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi kuvuka mpaka kutafuta ajira. Hata hivyo mhadhiri mgeni huishi kwa kibali, na mwenye kibali hupima maneno yake mara mbili.

Rodney naye alikuwa mgeni, na baada ya tahariri ile alijua kwamba uvumilivu una kikomo. Kikomo hicho walikifikia wanafunzi wake kabla yake. Mwaka 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye insha ndefu ya Issa Shivji iliyouliza ni tabaka gani hasa linafaidika na benki na viwanda vilivyotaifishwa. Swali hilo halikumgusa jirani yeyote, liligusa wenye nyumba. Novemba mwaka huohuo USARF ilipigwa marufuku, na jarida likafungwa. Umoja wa vijana wa TANU chuoni ukatoa jarida jingine lililoitwa MajiMaji, mjadala wa insha ya Shivji ukaendelea humo, na Rodney akauchangia.

Julai 1971 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia barua ya wazi makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, kulalamikia uendeshaji usioshirikisha wanafunzi. Askari wa kutuliza ghasia waliingia Mlimani, Akivaga akachukuliwa na kurudishwa kwao Kenya. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimevunjwa mwaka mmoja tu kabla, Julai 1970, kila nchi ikabaki na chake. Kijana aliyekuja Dar es Salaam kusoma katika chuo cha wote aliondoshwa kama mgeni.

Kwa hiyo anayedai kwamba Mlimani wa enzi hizo ulikuwa pepo ya uhuru wa fikra anasimulia nusu. Ila nusu hiyo nayo ni ya kweli. Mwaka 1970 Rodney alivuka hadi Makerere kubishana hadharani na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyekuwa profesa wa siasa pale Kampala. Mmoja alikuwa Mmaksi, mwingine hakuficha kwamba ujamaa wa Tanzania una walakini nyingi. Hawakukubaliana, na kila mmoja akarudi kazini kwake salama. Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka Uganda. Oktoba 1972 makamu mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari na hakuonekana tena. Mwaka 1973 Mazrui aliondoka nchini.

Mwaka huo wa 1972, Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam na Bogle-L'Ouverture ya London zilitoa How Europe Underdeveloped Africa. Hoja yake inajulikana: umaskini wa Afrika na utajiri wa Ulaya vimekua pamoja, kimoja kikilisha kingine. Wasomi wengine wamekikosoa, wakisema kinatia kila lawama mlango wa nje na kuwapa watawala wa Kiafrika nafasi ndogo mno, na ukosoaji huo una uzito. Lakini kilisomeka. Kiliandikwa kwa mwalimu wa sekondari na karani kama kilivyoandikwa kwa profesa, na Rodney alisema wazi kwamba hao ndio aliowataka. Neno la baada liliandikwa na Abdulrahman Babu, ambaye mwaka huohuo aliwekwa kizuizini Tanzania Bara kufuatia kuuawa kwa Abeid Karume. Kitabu kikawa madukani, mmoja wa walioandika ndani yake akawa gerezani.

Kazi nyingine ya Rodney haitajwi sana, nayo ni utafiti alioufanya na wanafunzi wake, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kuhusu vibarua wa mashamba ya mkonge: walikoandikishwa, walivyosafirishwa, walivyolipwa. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Tanga ina koo zenye asili ya Kigoma na hata ng'ambo ya mpaka wa magharibi aanzie hapo.

Mwaka 1974 aliamua kurudi kwao. Hakuna aliyemfukuza. Baadaye alieleza kwamba mgeni hata aipende vipi nchi, kuna utani wa sokoni asioupata, na mtu anayetaka kufanya siasa na watu lazima aweze kucheka nao na kupatana nao bei bila kuonekana wa kuja. Pengine alijua pia kwamba Dar es Salaam angeweza kubaki mwanahistoria, lakini siasa angefanya kwa ruhusa. Juni mwaka huo Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika Mlimani, na vyama vya upinzani vya Karibi vikazuiwa kwa shinikizo la serikali zao. C.L.R. James, aliyekuwa mmoja wa walioliasisi wazo hilo, akasusa. Serikali iliyoshinikiza zaidi ilikuwa ya Guyana.

Guyana ilikuwa chini ya Forbes Burnham, mwanasheria mwenye ufasaha wa ajabu, aliyejiita msoshalisti na kuzipigania harakati za ukombozi kusini mwa Afrika. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemkubali Rodney kuwa profesa wa historia. Akafungasha. Kabla hajaanza kazi, uteuzi ukafutwa kwa shinikizo la serikali.

Hapa Burnham alikosea hesabu. Profesa aliyenyimwa darasa alitarajiwa kuchukua ofa za nje, na ofa zilikuwepo. Rodney alikwenda Marekani na Ujerumani kufundisha kwa vipindi ili kulisha familia, lakini kila mara alirudi Georgetown. Aliandika historia ya wafanyakazi wa Guyana kuanzia 1881 hadi 1905. Alitunga vitabu vya watoto, kimoja kikieleza asili ya Waguyana waliotoka Afrika, kingine cha waliotoka India, kwa kuwa siasa ya nchi hiyo ilisimama juu ya kuyagonganisha makundi hayo mawili. Alifundisha uwanjani, na katika uvungu wa zile nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo. Wachimbaji wa boksiti, weusi, ambao Burnham aliwahesabu kuwa wake, walikuja kusikiliza. Wakata miwa wa Kihindi nao walikuja. Chama alichokiasisi na wenzake, Working People's Alliance, kiliwaweka wote kwenye benchi moja, na hilo lilitisha kuliko muhadhara wowote ambao angeutoa chuoni.

Julai 1979 jengo la wizara, lililokuwa pia na ofisi ya chama tawala, liliungua. Rodney na wasomi wenzake wawili walishtakiwa kwa kuchoma moto. Alikatazwa kusafiri. Hata hivyo mwaka 1980 alitoka kwa siri hadi Zimbabwe kwenye sherehe za uhuru, na inaelezwa kwamba alipewa nafasi ya kubaki huko kufundisha. Akarudi tena kwao. Kesi ilianza mwanzoni mwa Juni.

Jioni ya Juni 13, 1980 alikuwa ndani ya gari jijini Georgetown na mdogo wake, Donald. Mkononi alishika simu ya upepo waliyokuwa wamepewa na Gregory Smith, aliyekuwa fundi wa elektroniki jeshini. Ndani yake mlikuwa na bomu. Rodney alikufa akiwa na miaka 38. Donald alijeruhiwa, akashtakiwa na kuhukumiwa kwa kumiliki mlipuko. Smith alitoroshwa hadi Guiana ya Ufaransa, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 2002 bila kusimama mahakamani. Kile kitabu cha wafanyakazi wa Guyana kilichapwa 1981, na mwaka uliofuata Chama cha Wanahistoria cha Marekani kikakipa tuzo.

Burnham alikufa madarakani mwaka 1985. Ilibidi kusubiri hadi 2014 ndipo tume rasmi ikaundwa, na ripoti yake ya 2016 ikasema Smith alikuwa wakala wa dola, na kwamba mpango huo haungeweza kutekelezwa Burnham asijue. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilimfutia Donald hatia, baada ya takriban miaka 40.

Mwaka huohuo serikali ya Guyana ilitangaza kwamba cheti cha kifo cha Rodney kitarekebishwa. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo palikuwa pameandikwa kwamba alikufa kwa bahati mbaya, na sasa ingeandikwa kwamba aliuawa. Palikuwa na marekebisho ya pili. Kwenye nafasi ya kazi, karani wa mwaka 1980 alikuwa ameandika kwamba marehemu hakuwa na ajira. Serikali ilisema neno hilo litafutwa na mahali pake paandikwe profesa.